Lipia muziki, drama isubiri: jibu kwa mama wa Donholm

SWALI: Mwalimu, hujambo. Binti yangu wa miaka 15 aliingia Gredi ya 10 Januari 2026 katika shule ya kutwa huku Eastlands, Nairobi. Alitaka sana muziki na uigizaji, lakini shule aliyopangiwa haina mkondo wa sanaa, ikabidi achukue Sayansi ya Jamii. Anaimba alto kwaya ya parokia na yuko klabu ya drama. Sasa ameniletea karatasi ya kituo kimoja kinachofundisha muziki na maigizo kila Jumamosi, kutwa nzima, na mwisho wa muhula wanaweka shoo. Ada yake ni nzito kwangu, mimi nauza nguo Gikomba. Baba yake anasema muziki ni wa watu waliokosa la kufanya. Nilipe? Nitajuaje kama hawa watu wanajua kazi? Na masomo yake je? Akianza, lazima nimnunulie kinanda?

JIBU: Mama, nashukuru umeuliza kabla ya kulipa. Usilipie ile Jumamosi nzima. Kama mfuko wako unaweza kubeba kitu kimoja, lipia saa moja ya muziki kwa wiki, binti yako na mwalimu wake, au yeye na wenzake wawili watatu. Drama aendelee nayo shuleni bure. Najua yeye anavitaka vyote viwili, na sisemi achague kimoja atupe kingine. Ila havifundishwi kwa namna moja, na pesa yako inunue kile ambacho hawezi kukipata bila pesa.

Muziki unahitaji sikio la mtu mwingine likusikilize ukiwa peke yako. Kwenye kwaya ya watu arobaini, alto anayeteleza hubebwa na jirani yake. Akikosea kuingia, husubiri kidogo, humfuata aliye kulia kwake, na hakuna anayejua. Anaweza kuimba hivyo miaka mitano, akapendwa na kanisa zima, na bado asiweze kusoma mstari mmoja wa noti bila kushikwa mkono. Mwalimu aliyekaa naye peke yake atalisikia hilo siku ya kwanza. Uigizaji unataka mambo mengine kabisa. Unataka mtu mbele yako, wa kukujibu, wa kukukatiza, wa kukutazama hadi uone haya kisha haya zikuishe. Hayo yote yako katika klabu ya shule. Tena umri haumbani: waigizaji wengi wa jukwaani hapa mjini walianza wakiwa chuo kikuu. Kwa piano au fidla, miaka 15 si mapema, ingawa mlango haujafungwa. Kwa sauti, ni wakati mzuri mno wa kuanza.

Halafu kuna jambo ambalo karatasi ya kituo haikukwambia. Kwaya nyingi za parokia hufanya mazoezi Jumamosi alasiri. Kutwa nzima ya kituo maana yake binti yako anaacha kwaya, na kwaya ndiyo shule ya muziki iliyomlea mpaka hapa. Anaimba sauti ya ndani, alto, ambayo ni ngumu kuishika kuliko ile ya juu inayobeba wimbo. Usilipe pesa ili umtoe hapo.

Nadhani kwaya yake, kama nyingi zetu, husoma solfa: do, re, mi, zimeandikwa kwa herufi chini ya maneno. Wako walimu wanaodharau solfa, wanamwambia mtoto asahau yote aanze upya. Ukisikia hivyo kwenye somo la majaribio, endelea kutafuta. Mwalimu mzuri huanzia hapo hapo mtoto alipo. Nikuonyeshe inavyokuwa, ili ukiketi pembeni ujue unachokitazama. Mwalimu anabonyeza noti moja kwenye kinanda, anamwambia, “Hii ni do. Niimbie so.” Hampi so, anamwacha aitafute kichwani. Kisha mi. Kisha la, ile ya chini. Kisha anabonyeza noti nyingine, anasema sasa hii ndiyo do, na mtoto anahamisha ngazi nzima. Dakika tano za zoezi hilo zitamwonyesha mwalimu zaidi ya wimbo mzima wa kujionyesha. Baada ya hapo anachora mistari mitano na kumwonyesha kitu kimoja: do ikikaa juu ya mstari, mi na so nazo zitakaa juu ya mistari miwili inayofuata, do ikikaa kwenye nafasi kati ya mistari, mi na so zitakaa kwenye nafasi zinazofuata. Mtoto aliyekulia kwaya akiona hilo, uso unabadilika, kwa sababu alichokijua kwa sikio miaka yote sasa anakiona kwa macho. Kutoka hapo kusoma noti za mistari ni suala la miezi, na noti hizo ndizo zitakazomfungulia kinanda, okestra na mitihani.

Kuhusu mitihani: vituo vingi Nairobi hufuata ile ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ambayo ina ngazi nane za ala na sauti. Lazima ujue mapema kwamba mtu hafanyi ngazi ya sita na kuendelea kabla ya kupita nadharia ya ngazi ya tano, au mtihani mbadala wanaoukubali. Wazazi wengi hulijua hilo baada ya kulipa miaka, mtoto akiwa hajawahi kufungua kitabu cha nadharia. Mtihani wenyewe wa vitendo wa ala una vipande vitatu vya muziki, skeli (noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio), kusoma noti usizozijua, na kusikiliza; kwa sauti, badala ya skeli kuna wimbo wa asili unaoimbwa bila ala. Kinachonikasirisha ni mtindo wa kumfundisha mtoto vipande vile vitatu peke yake mwaka mzima mpaka avijue usingizini. Atapata cheti. Mpe wimbo mwepesi wa Krismasi ambao hajauona, atakodoa macho. Muulize mwalimu waziwazi, “Mbali na vya mtihani, mwaka huu atajifunza vipande vingapi?” Kwa binti yako, mimi ningeacha mtihani kabisa mwaka wa kwanza.

Sasa sauti yenyewe. Sauti ya msichana wa miaka 15 au 16 bado inakomaa, na hatari kubwa zaidi niionayo katika jiji hili ni watoto kuiga waimbaji wa injili wenye miaka 35 wanaosukuma sauti ya kifua hadi juu kabisa, kwa kipaza sauti, mbele ya spika kubwa. Mwalimu anayejua kazi ataanza kwa pumzi na mazoezi mepesi ya sauti ya chini, na atauliza, “Inauma popote?” Kuimba hakupaswi kuuma. Akitoka somo au mazoezi ya drama sauti imekwaruza, apumzike na anywe maji. Ukwaruzi ukizidi wiki tatu, ni wa kumwona daktari wa masikio, pua na koo, hata kama mwelekezi wa mchezo anasema mtoto atazoea. Kwa wazazi wa wavulana wanaosoma hapa: kijana anayebadilika sauti asifukuzwe kwaya. Apewe noti chache za chini zilizo rahisi kwake na asisukumwe.

Umeuliza utajuaje kama wanajua kazi. Omba somo moja la majaribio, uketi ndani. Kituo kisichokubali mzazi aketi, kiache. Ukishaketi, tazama ni nani anayefanya kazi katika ile saa. Kama mwalimu anapiga kinanda kwa madaha na mtoto anasikiliza, hilo ni onyesho la mwalimu. Mtoto ndiye anayepaswa kuimba, kukosea, kurudia. Sikiliza pia namna anavyomsahihisha. “Vizuri sana, tena!” haimfunzi mtu kitu. “Umevuta pumzi katikati ya neno, ndiyo maana mwisho umeshuka, hebu pumua kabla ya ‘Bwana’” ni mafundisho, hata masikio yako yasiyosomea yatasikia tofauti akirudia. Mwisho wa saa awe ametoka na kazi ndogo ya nyumbani, ya dakika ishirini kwa siku, inayojulikana ni ipi. Asiyetoa kazi ya nyumbani anakuuzia saa moja tu ya Jumamosi.

Hili linalofuata nakuomba ulichukulie kwa uzito kuliko mengine yote. Binti yako ana miaka 15, na masomo ya sauti na uigizaji yanagusa mwili: pumzi, tumbo, mabega, kukumbatiana jukwaani. Mlango wa chumba cha somo uwe wazi au uwe na kioo. Mwalimu aonyeshe pumzi kwa mwili wake mwenyewe, na asimguse mtoto bila kumwomba na yeye kukubali. Ujumbe wa simu upitie kwako au kwenye kundi ambalo wewe umo. Mazoezi yawe na saa ya kuisha, na ujue anarudi Donholm na nani, kwa matatu ipi. Uliza kama walimu wana cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, na anayejiita mwalimu wa shule awe amesajiliwa na TSC, tume ya walimu. Usione aibu kuuliza. Mkuu wa kituo aliye sawa atafurahi umeuliza, na anayekasirika ameshakujibu.

Ile shoo ya mwisho wa muhula ndiyo iliyonifanya nisite zaidi. Shoo si mbaya, mtoto anahitaji siku ya kusimama mbele ya watu. Lakini kituo kinachojitangaza kwa shoo hukaa wiki za mwisho kikifunza mistari ya kusimama, rangi ya nguo na kuuza tikiti, na tikiti zenyewe huuzwa na wazazi. Nimewahi kuketi katika ukumbi mmoja hapa mjini nikamtazama msichana wa safu ya nyuma. Alikuwa amevaa vizuri, amepakwa rangi usoni, na mdomo wake ulifunguka na kufunga kwa uaminifu mkubwa juu ya wimbo uliokuwa ukipigwa kutoka kwenye rekodi. Watoto watatu wa mbele ndio waliokuwa na vipaza sauti. Wazazi wake walimpigia makofi, na walistahili kumsikia. Kwa hivyo kabla ya kulipa popote, uliza maswali mawili: kwenye shoo wanaimba kwa sauti zao au kwa rekodi? Na kila mtoto ana mahali anaposikika peke yake, hata kama ni mstari mmoja?

Kwa upande wa mahali, mji huu una vitu vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kenya Conservatoire of Music ilianzishwa mwaka wa 1944 na iko Barabara ya Harry Thuku, jirani na Kenya National Theatre. Kutoka Donholm ni matatu ya Jogoo Road hadi mjini, halafu unatembea ukipita University Way. Huko kuna masomo ya mtu mmoja mmoja, na unaweza kuuliza ada bila kujiandikisha. Huku kwetu Eastlands kuna Ghetto Classics, mradi wa kufundisha watoto muziki, iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka wa 2008 Korogocho, katika ua wa kanisa la Mtakatifu Yohane. Watoto waliokulia kando ya jaa la Dandora wanapiga fidla, klarineti na tarumbeta humo, na ukisikia mtu anasema muziki wa noti ni wa watoto wa matajiri wa Muthaiga, mpeleke akawasikilize. Kuna pia Safaricom Youth Orchestra, iliyoanza 2014, lakini huko mtu huingia kwa kufanyiwa usaili akiwa tayari anapiga ala, kwa hivyo iwe mbele ya safari.

Mimi mwenyewe, kwa mfuko wako, ningeanza na mwanafunzi wa muziki wa mwaka wa tatu au wa nne kutoka Kenyatta University au Technical University of Kenya. Wengi wao hufundisha Jumamosi kwa bei ya chini kuliko vituo, wanajua nadharia ikiwa bado moto kichwani, na wanakumbuka walivyohangaika nayo. Afundishie nyumbani kwenu sebuleni, au katika ukumbi wa parokia watu wakiwapo. Muulize pia mpiga kinanda wa kwaya yenu, huenda akawa anamfahamu mmoja, au akawa ndiye.

Na asome ala moja ya hapa kwetu, hata ikiwa kwa kuonja tu. Nyatiti ina nyuzi nane na inampa mpigaji melodia na mdundo kwa wakati mmoja, huku akiimba. Zamani ilikuwa ya wanaume wa Kijaluo, leo wanawake wanaipiga jukwaani. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wanaoijua wanazeeka na wanaojifunza ni wachache. Msichana anayeweza kusoma noti na pia kushika mdundo wa isukuti ana kitu ambacho mwenzake wa London hana, na tamasha za shule zinawahitaji watu wa namna hiyo kila mwaka.

Tuje kwenye drama. Nimesema isubiri kulipiwa, sikusema ilale. Tamasha la drama la shule za Kenya lina historia tangu 1959, na la muziki tangu 1927. Drama huchukua muhula wa kwanza, fainali za kitaifa zikifika Aprili; muziki huchukua wa pili hadi Agosti. Binti yako akiwa katika klabu inayoshindana, atapata mazoezi ya jukwaani ambayo kituo hakiwezi kumpa: kumbi ngeni, waamuzi wanaosema mbele ya watu kilichoenda vibaya, basi la shule, njaa, kushindwa Jumatano na kurudi darasani Alhamisi. Asiangalie michezo mirefu peke yake. Kuna masimulizi, mashairi ya mtu mmoja, ya kundi, ngoma na filamu. Masimulizi na shairi la mtu mmoja yanafaa sana kwa msichana ambaye klabu yake kila mwaka huwapa wale wale wawili sehemu kubwa, maana anaweza kuandaa chake mwenyewe akampelekea mwalimu.

Upungufu wa drama ya tamasha upo, na nitausema kwa sababu ninaipenda. Kumbi ni kubwa, zimejaa wanafunzi, kipaza sauti si cha kutegemea, basi watoto hujifunza kupaza kila sentensi na kuonyesha kila hisia kwa mikono. Wakifika kwenye ukumbi mdogo au mbele ya kamera, wanaonekana wanapiga kelele. Dawa yake anaweza kuifanya nyumbani na ndugu zake. Achukue neno moja, “Umerudi?” Mmoja aingie mlangoni, yeye aseme. Mara ya kwanza amwambie kaka aliyekuwa Mombasa miaka miwili. Mara ya pili baba aliyetoka kazini siku aliyoahidi karo. Mara ya tatu rafiki aliyemsema vibaya jana. Mara ya nne mtu ambaye hakutaka amkute akifanya alichokuwa akifanya. Asiongeze neno na asipaze sauti. Anayetazama aseme ni nani aliyeingia. Akikosa kumjua, arudie. Mwanafunzi wangu mmoja wa Gredi ya 10, mkimya, aliyezoea kupewa kazi ya kubeba viti, alisema “Umerudi?” ya pili kwa namna iliyonyamazisha darasa zima: alitazama kwanza mikono ya aliyeingia, kuona kama ina kitu, ndipo akafungua mdomo. Hakuna aliyemfundisha kutazama mikono. Alipata nafasi tu ya kulifanya zoezi mara nyingi bila kuharakishwa.

Sehemu ya pesa uliyokuwa utoe kwa Jumamosi zile, mnunulie tikiti ya mchezo mara moja kwa muhula. Kenya National Theatre imekuwa ikionyesha michezo tangu 1952, na kuna makundi yanayoigiza vitabu vya kiada kwa ajili ya wanafunzi. Nenda naye. Mkiwa njiani kurudi muulize ni wapi aliacha kumwamini mwigizaji, na ni kwa nini. Amtazame na yule wa taa pia, na wa sauti. Kazi ya nyuma ya jukwaa inakosa watu mahiri hapa kwetu, na wasichana katika kazi hiyo bado ni wachache. Iwapo klabu ya shule ni jina tu na haikutani, hapo tafuta warsha ya drama ya likizo, wiki moja au mbili za Agosti au Desemba, ambayo haigombani na masomo.

Kuhusu masomo na mkondo. Katika sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ndio wenye Muziki na Densi, Uigizaji na Filamu, na Sanaa za Uchoraji na Ufinyanzi. Shule nyingi zina mikondo miwili tu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) na Sayansi ya Jamii, kwa kuwa hazina walimu wala vyumba vya sanaa. Binti yako hajatupwa nje. Mbali na masomo ya lazima, ana matatu ya kuchagua, na upande wa Sayansi ya Jamii kuna Fasihi ya Kiswahili na Fasihi ya Kiingereza. Kama bado hajafungiwa chaguo lake, mwende kwa mwalimu mkuu mwombe Fasihi ya Kiswahili iwe mojawapo. Humo atasoma tamthilia kwa kina, mstari kwa mstari, na waigizaji wengi wazuri niliowafundisha walitoka kwenye fasihi. Muziki wa mistari mitano ndio ambao shule hiyo haitampa, na ndiyo sababu nyingine ya kuelekeza pesa huko.

Muda wake upange kwa kalenda ile ya tamasha. Somo la muda wa saa moja Jumamosi asubuhi kabla ya kwaya, dakika ishirini kila jioni, basi. Wiki mbili za mwisho kabla ya mitihani ya shule, somo lisimame na mwalimu aambiwe mapema ili msilipie saa msizotumia. Dakika ishirini za kila siku zinamfikisha mbali kuliko saa tatu za Jumapili usiku, kwa sababu sikio na misuli ya sauti hujifunza kwa kurudiwa na kupumzika.

Baba yake ana hoja, nami sitaki umbishie kwa ndoto za umaarufu. Mapato ya sanaa hapa kwetu hupanda na kushuka, na wengi huishi kwa kuunganisha kazi mbili tatu: kufundisha, kupiga kanisani, kurekodi matangazo ya redio, kuigiza vitabu vya kiada mashuleni. Kazi za mshahara zipo pia, katika bendi za polisi na za jeshi, na katika ualimu. Ndiyo maana nasema masomo yake mengine yasiguswe. Sitamwambia kwamba muziki utapandisha alama za Hisabati. Namwomba Baba aje kwenye somo la majaribio, akae kiti cha nyuma, amsikilize binti yake akitafuta so peke yake. Na yeye ndiye aulize habari ya ada: inalipwa kwa somo au kwa muhula, somo likikosekana linafidiwa vipi, vitabu na mitihani ni nani analipa. Usilipe muhula mzima kabla ya masomo manne ya kwanza.

Kinanda usinunue sasa. Miezi mitatu ya kwanza mwombe padri au mwenyekiti wa kwaya ruhusa atumie kile cha kanisa siku mbili kwa wiki. Ukifika wakati wa kununua, nenda Luthuli Avenue na mtu anayejua, mtafute chenye vibonye 61 vya ukubwa wa kawaida, vinavyotoa sauti kubwa ukibonyeza kwa nguvu na ndogo ukigusa polepole. Vile vyenye vibonye vidogo vya watoto vitamharibu mkono. Jaribuni kila kibonye, kimoja kimoja, papo hapo dukani, na mkague tundu la kuchomeka vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu ya majirani wa gorofa.

Mwishoni mwa muhula wa kwanza wa masomo, fanya hivi. Muombe mwenyekiti wa kwaya akupe ukurasa wa wimbo ulioandikwa kwa mistari mitano, ambao binti yako hajawahi kuuona wala kuusikia. Mpe do peke yake. Akiweza kuimba mstari wa alto polepole, hata akisimama mara mbili tatu kujisahihisha, endelea kumlipa mwalimu huyo. Asipoweza, na umeona kwa macho yako kwamba alikuwa akifanya mazoezi yake kila jioni, badilisha mwalimu.